Mguu Ulikuwa Wapi Mlio Ulipoanza?

Mwangaluka! Naona madereva wa Hiace, naona vijana wa gereji za Nyakato, na yule mzee wangu wa lori la dagaa pale Mwaloni. Shikamoo mzee.

Dereva akija gereji huanza kuigiza: "Fundi, inalia shiii." Mwingine, "krrr." Mnaigiza vizuri, ila mimi nauliza jambo moja: mguu wako ulikuwa wapi mlio ulipoanza, juu ya pedali ya klachi au mbali nayo?

Tujaribu na hii Hiace. Hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi. Mawe hapa Mwanza hatununui. Gia nyutro, injini imewaka, mguu uko mbali na pedali. Sikilizeni. Kuna mvumo kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Sasa nakanyaga klachi mpaka chini... Mmesikia? Umekata. Ukiachia klachi, pleti ya klachi inabanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, na inputi shafti, fimbo inayopeleka mzunguko ndani ya giaboksi, inazunguka na injini. Ukikanyaga, pleti inaachiwa, shafti inasimama. Mlio unaokufa pamoja na shafti, kamata kwanza beringi ya shafti, humo ndani ya giaboksi. Hapo ukinunua seti nzima ya klachi umetupa hela. Mimi nilishawahi kushusha giaboksi ya pikapu, nikaweka rilizi beringi mpya, ile inayosukumwa ukikanyaga klachi, nikapandisha, jioni nawasha: mvumo uleule. Kesho yake nikaishusha tena, safari hiyo bila malipo.

Sasa geuza. Kimya ukiwa umeachia, ukigusa pedali kidogo tu inaanza kulia. Hiyo ni rilizi beringi, imekutana na vidole vya presha pleti, ile sahani inayoibana pleti ya klachi. Kwenye magari mengine beringi inagusa muda wote, kwa hiyo sikiliza mlio unavyobadilika ukikanyaga. Na beringi hii tunaiua wenyewe. Watu wa daladala, nawasema ninyi: foleni ya Buzuruga mguu umelala juu ya pedali, mlima wa Bugando gari linashikiliwa kwa klachi na breki ipo!

Ukikanyaga mpaka chini, ukaingiza gia gari likiwa limesimama, na mlio ukazidi, fikiria pailoti beringi, ile ndogo inayoshika ncha ya inputi shafti upande wa injini. Lakini magari mengi yanayovuta kwa mbele hayana hiyo, msiitafute.

Gari kutetemeka wakati wa kuondoka ni habari nyingine. Angalia kama pleti ina oili, na angalia mauntingi, vile vishikio vya injini.

Naam, mzee? Anauliza kama lori lake, linalolia akigusa pedali, linaweza kufika Sengerema kwanza. Linaweza. Linaweza pia kukuachia njiani: beringi ikisaga vidole vya presha pleti, klachi haikati tena, na gia utaiingiza injini ikiwa imezimwa, na ukipiga starta lori linaondoka hapo hapo. Dagaa wenyewe ni wabichi au wakavu? Wakavu? Basi watasubiri. Lilete kesho saa mbili asubuhi.