Mfinyanzi Hulia Gaeni: Hesabu za Mhasibu Aliyerudi Kwenye Udongo

Asanteni kwa kuja, na poleni na foleni. Naona wengine mmetoka Mbagala na bado mna nguvu za kukaa kwenye kiti kigumu.

Nilikuwa mhasibu miaka 11, ofisi moja pale Posta. Siku niliyomwambia mama naacha kazi nikafinyange, alinyamaza, kisha akauliza: "Mwanangu, nimekusomesha uhasibu uje ufanye kazi ya bibi yako?" Alikuwa na haki. Kwetu Upareni vyungu hufinyangwa na wanawake, na bibi alikuwa mmoja wao.

Nikajifunza kwa hasara. Tanuri langu la kwanza nililiwasha mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto. Kati ya vyombo 24 vilipasuka 17, tena kwa kishindo, jirani akadhani mtungi wa gesi umelipuka. Udongo wa Dar ukiugusa unadhani umekauka, kumbe unyevu umejificha ndani. Moto ukifika nyuzi 100 yale maji yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unapasua chombo. Siku hizi naweka chombo shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji. Na wakati wa kupoa, usiwe na haraka: kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga zilizomo hunywea ghafla, ukifungua mlango mapema unasikia "ta!", basi tena.

Lakini kilichoninyima usingizi ni bei.

Wote mnaijua methali: mfinyanzi hulia gaeni. Tulifundishwa shuleni kama kichekesho. Mimi naisoma kama taarifa ya hesabu. Kwa nini anakula kigaeni? Kwa sababu vizima vyote ameviuza, na alichopata hakitoshi yeye kubakiza hata kimoja. Anahesabu kuni, labda. Siku alizochimba na kukanyaga udongo hazihesabu. Vilivyopasuka havihesabu. Mimi vikipasuka vitatu kati ya kumi, vile saba vilivyobaki lazima vivilipie wenzao. Ofisini tungemwita mtu asiyefanya hivyo mzembe. Kijijini tunamwita mama mchapakazi.

Nendeni Kunduchi mkaone makaburi ya kale. Kwenye nguzo zake walipachika mabakuli ya Kichina, mapambo ya wakubwa. Chungu cha mama wa hapahapa kilipikia wali, kikavunjika, kikatupwa. Nisiwasingizie marehemu, kwani sisi hatujabadilika: mteja akija kwangu, jambo la kwanza anageuza kikombe chini atazame kimetoka nchi gani. Akikuta hakuna maandishi, anaomba punguzo.

(Ndiyo, mama, nimeanza kuandika jina. Yupo pale nyuma, anacheka.)

Mshahara wa Posta sijaufikia, msije mkaondoka hapa mkaandike barua za kuacha kazi. Mwaka wa kwanza niliishi kwa akiba, na bado nafunga vitabu vya maduka mawili Kariakoo kila mwisho wa mwezi. Ila kwenye daftari langu kuna mstari wa siku zangu, na kuna mstari wa vilivyopasuka.

Na kuna bakuli moja zima ambalo sikuliuza. Nalinywea uji kila asubuhi. Mke wangu anasema ni zito mno.