Kosovo na mabalozi wa Marekani: nawajibu nikiwa Ipagala

Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Leo niko nyumbani Ipagala, Dodoma, kibarazani kwa mama, kwa hiyo mkisikia kuku na bodaboda mnivumilie. Sikupanga kurekodi likizoni, ila swali ni lile lile wiki ya tatu sasa: "Dada, hao Wakosovo si Marekani ndiyo iliwakomboa? Mbona waziri mkuu wao anakwaruzana na mabalozi wake? Hawana shukrani?" Mwingine akamalizia, "Ataogopa kujibu, anakula euro zao."

Tuanze na hizo euro. Prishtina, mji mkuu wa Kosovo, napokea simu za wateja, mshahara 600 kwa mwezi. Chumba 220, na baridi ikiingia bili ya umeme inakula nusu ya kilichobaki. Sijaja kuringa wala kulia, nimesema tu mnipunguzie maneno.

Habari ya vita mnaijua, mwaka 1999 NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, iliipiga Serbia mabomu siku 78 mpaka majeshi yake yakatoka Kosovo, sirudii. Shukrani ipo, tena mpaka inazidi. Kuna barabara ya Bill Clinton, rais wa Marekani wa wakati huo, na sanamu yake iliyozinduliwa 2009, ameinua mkono kama konda anaita abiria. Kuna watoto walipewa jina Tonibler, yaani Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, kaunganishwa. Sasa mseme tena hawana shukrani.

Shida ni kama kamati ya harusi. Mjomba aliyechangia milioni mbili, wengine elfu hamsini hamsini. Kikao cha tatu anataka achague ukumbi. Cha nne, MC. Ukimkatalia hagombi, anasema tu ule mchango uliobaki tusubiri kidogo.

Mwaka 2020 ilikuwa hivyo hivyo. Kosovo ilikuwa imeweka ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa za Serbia tangu 2018. Mjumbe wa Trump, Richard Grenell, akataka uondolewe wote ili mazungumzo na Serbia yaanze. Waziri mkuu Albin Kurti, ndiyo kwanza ameingia madarakani Februari, akasema ataondoa kwa hatua na kwa masharti. Msaada wa Marekani wa dola milioni 49 ukasimamishwa. Tarehe 25 Machi, corona ndiyo inaingia, bunge likamwangusha kwa kura 82 kati ya 120. Kurti alimtupia lawama Grenell hadharani, Grenell akakana. Septemba waziri mkuu mwingine akaenda White House kutia saini makubaliano ya uchumi na Serbia. Mimi naona walimbana mno mtu mwenye siku hamsini ofisini. Ni mimi lakini.

Maana mzee mwenye nyumba wangu kule hanielewi kabisa. Kwake Kurti ni mkaidi. Ananiambia, "Bila Amerika ningekuwa na nyumba gani ya kukupangisha?" Na kwa mwaka 2023 nampa haki yake. Waserbia wa kaskazini mwa Kosovo waligomea uchaguzi wa mameya, waliojitokeza hawakufika asilimia 4, halafu mameya waliopatikana wakaingizwa ofisini kwa nguvu ya polisi. Wamarekani walikuwa wameonya. Siku tatu baadaye makumi ya wanajeshi wa NATO wa kulinda amani wakaumia Zvečan, mji wa huko kaskazini. Balozi wa Marekani, Jeffrey Hovenier, akatangaza Kosovo imeondolewa kwenye mazoezi ya kijeshi ya Defender Europe yanayoongozwa na Marekani. Kwetu unaona ni mazoezi tu. Kwa nchi ambayo jirani yake Serbia haitambui hata kama ni nchi, hilo ni kofi.

Na msiwacheke, sisi tumepita huko. Juzi nilipita Mtumba, pale kwenye viwanja walivyotengewa mabalozi, nikakumbuka alivyotusimulia babu. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirika kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akawaambia basi chukueni na uliobaki. Januari ya mwaka huo huo tulikuwa tumewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja wao Frank Carlucci wa Zanzibar, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa ulinzi kwao. Babu akifika hapo anacheka, anaagiza mvinyo wa zabibu. Ila tulikosa hela, hilo nalo alikuwa halifichi.

Anayeuliza "kwa hiyo nije Kosovo?", ndugu yangu, sijui maisha yako. Kibali changu cha kuishi kinataka cheti kutoka hapa nyumbani, kigongwe mihuri ofisi tatu, kikatafsiriwe Kialbania kwa hela yangu, na kisizidi miezi sita. Mwaka jana muhuri wa tatu ulipopatikana, cheti kimeshapitwa. Safari hii nimekuja mwenyewe, tiketi nimekopa. Jana nimefika dirishani na bahasha yangu, nikaambiwa mwenye muhuri yuko semina Morogoro, nirudi Alhamisi. Ndege yangu ni Jumatano.