Mikorosho ile ile, mavuno tofauti: mhadhara kuhusu matabaka

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa chuo, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie matabaka, na nitaanza na kauli inayosemwa sana hapa Mtwara mjini, hasa na sisi wenye mshahara: mkulima wa korosho ni maskini kwa sababu fedha za msimu anazimaliza kwa pikipiki na ngoma. Kauli hiyo inaniuma, kwa hiyo tuipime.

Chukueni wakulima wawili wa Tandahimba wenye idadi moja ya mikorosho, ya umri mmoja. Mwezi wa pili chakula kimekwisha ndani na mahindi shambani bado mabichi. Wa kwanza ana mtoto mwalimu, anatumiwa fedha kwa simu. Wa pili hana wa kumtumia. Anakwenda kwa mwenye duka, anachukua unga, na deni atalilipa kwa korosho kwa bei waliyopatana siku ile ya njaa. Hiyo ndiyo kangomba, mnaijua. Ikifika miezi ya kuchanua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unaingia, na asiyepulizia dawa ya salfa kwa wakati maua yanamkaukia. Hata salfa ikija kwa ruzuku, petroli ya mashine na ujira wa mpulizaji vinatoka mfukoni. Basi huyu wa pili anapulizia amechelewa, au anamkodishia mwenye duka sehemu ya mikorosho yake. Minada ikifunguliwa Oktoba, mzigo wake mwingi tayari una mwenyewe. Jamani, uvivu uko wapi hapo?

Karl Marx alifundisha kwamba tabaka ni uhusiano: kuna anayemiliki nyenzo za kuzalisha mali, na kuna asiyezimiliki, ambaye humuuzia mwenzake nguvu zake. Hapa kwetu tumsome kwa uangalifu, maana mkulima wetu mikorosho anayo. Asichokuwa nacho ni fedha za kumvusha miezi ya njaa, na mwenye fedha hizo ndiye anayekula jasho lake. Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani, anatusogeza mbele kidogo. Yeye alitazama nafasi ya mtu sokoni, akasema hiyo ndiyo inayompa au kumnyima fursa za maisha. Kisha akatenganisha na hilo hadhi, na nguvu ya kuamua mambo. Ndiyo maana kiongozi wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, anaweza kuwa na mikorosho michache na bado akaogopwa kijiji kizima.

Kumbukeni msimu wa 2018. Serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei moja kwa wote. Ukaja uhakiki wa wakulima, malipo yakachelewa. Mwenye akiba alisubiri. Asiye na akiba, kila wiki ya kusubiri ilimrudisha dukani kukopa. Bei sawa haikuwafanya wakulima kuwa sawa, na kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa la mwaka ule.

Wapo wanasosholojia waliotetea tofauti hizi. Kingsley Davis na Wilbert Moore, Wamarekani, waliandika mwaka 1945 kwamba jamii hulipa zaidi kazi zilizo muhimu na ngumu kupata watu, ili wenye uwezo wavutiwe nazo. Mwaka 1953 Melvin Tumin akawajibu: nani anapima umuhimu huo? Na vipaji vya watoto wa maskini vitajulikanaje ikiwa njia imezibwa tangu utotoni? Mimi niko na Tumin. Mama anayebangua korosho, utomvu ukimchoma vidole, hakufika pale kwa kushindwa mtihani wa uwezo.

Kuhusu njia kuzibwa, Mfaransa Pierre Bourdieu alionyesha kwamba shule huwatuza watoto kwa mambo waliyoyapata nyumbani, kisha ikayaita akili. Mtoto wa Newala anakua na Kimakonde, anasoma msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anakuta fizikia kwa Kiingereza. Mwenzake anayeishi Shangani hapa mjini, mtoto wa ofisa, Kiingereza amekisikia sebuleni tangu mdogo. Matokeo yakibandikwa ukutani, tunasema mmoja ana kichwa kizuri, na mwenye kushindwa anaamini hivyo mwenyewe.

Vijana, mkienda likizo, msiwaulize wazazi wamevuna kilo ngapi. Waulizeni fedha za kupulizia zilitoka kwa nani, na zilirudishwa kwa kitu gani. Majibu yaandikeni, tutayajadili hapa mkirudi. Sasa karibuni kwa maswali.