Mdomo mmoja, watoto arobaini

(Mhadhara kwa walimu na wazazi wa shule ya sekondari, Bukavu)

Jambo kwenu wote. Papa Prefe, mkuu wa shule yetu, walimu wenzangu, wazazi mliopanda mpaka huku na tope lote hili, asanteni kwa kufika.

Niliombwa niseme juu ya majukumu ya mwalimu wa Kihispania shuleni. Mengi mnayajua, maana ni ya kila mwalimu: kutayarisha somo, kusahihisha kopi na kuzirudisha mapema, kutoa alama bila kupendelea, kumwita mzazi kabla buletini ya alama haijatoka. Hayo nayaacha. Nataka tukae kwenye moja ambalo ni letu sisi wa Kihispania.

Mtoto wa Bukavu akijifunza Kifaransa, hamtegemei mwalimu peke yake. Atakisikia redioni, kanisani, ofisini. Kiingereza ataokota kwenye nyimbo na kwenye simu. Kihispania atakisikia wapi? Pale soko la Kadutu sijaona mama anayeuza samaki wa sambaza kwa Kihispania. Basi chote alichonacho kinatoka kwenye mdomo mmoja. Nikikosea leo, kesho watoto arobaini wamekosea, na mtaani hakuna wa kuwarekebisha.

Siku moja niliandika ubaoni maneno matatu: pero, perro, pelo. La kwanza ni "lakini", la pili "mbwa", la tatu "nywele". R moja, ulimi unagusa juu mara moja na kuondoka. R mbili, ulimi unatetemeka. Sasa, wengi wetu tumekulia nyumba ambazo r na l ni mapacha, hazitenganishwi. Msichana mmoja akasimama kutuambia mbwa wake ni mweusi: mi perro es negro. Ikatoka mi pelo es negro, nywele zangu ni nyeusi. Darasa halikucheka, kwa sababu hakuna aliyesikia tofauti. Na mimi nilikaribia kuipitisha, maana nywele zake kweli ni nyeusi! Ikabidi tufunge vitabu, tukatetemesha ndimi kama pikipiki inayopanda kilima, mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia mlangoni.

Kosa lingine tunalileta wenyewe. Tunamwacha mtoto asome Kihispania kwa macho ya Kifaransa. Anaona tres, anaimeza s ya mwisho. Anaona hablan, anaisema puani. Mwambie asome kama Kiswahili: a, e, i, o, u ni zilezile tano, na ñ ni ny ya "nyumba". H ndiyo ya kunyamaziwa. Nusu ya kazi mama yake alishaimaliza kabla mtoto hajaingia shule.

Lakini jukumu lililonitoa jasho ni hili la kukubali kwamba hujui. Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, ser na estar. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa: ser ni ya mambo ya kudumu, estar ni ya mambo ya kupita. Mvulana wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu aliyekufa?" Kihispania husema está muerto, kwa estar. Kifo nacho kinapita? Nikamjibu, "Hiyo iko tofauti," nikafuta ubao haraka. Nilikuwa namdanganya, na macho yake yaliniambia kwamba anajua.

Nilikaa na swali lile siku kadhaa. Jibu lilikuwa kwenye Kiswahili. "Amekufa", "mlango umefungwa": hiyo ni hali iliyobaki baada ya jambo kutokea, na Kihispania kinaipa estar, está muerto, está cerrada. Mahali pa kitu vilevile: Bukavu está en el Congo, Bukavu iko Kongo, na mji hauhami. Ile "ni" yetu na ile "-ko" zinakwenda karibu sana na vitenzi hivyo viwili. Tatizo ni kwamba huku mtaani tunasema "niko mwalimu", basi mtoto anaandika estoy profesor, kwa estar, badala ya soy profesor, kwa ser. Usimpige kalamu nyekundu tu. Mwonyeshe kosa lake lilipotoka. Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikasema wazi: nilikosea, na aliyenikamata ni yule pale.

Neno juu ya utamaduni, kwa ufupi. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, na moja iko Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968. Mwalimu anayeonyesha picha za Madrid tu anaficha ramani. Tena maneno hayafanani kila mahali: coger ni "kuchukua" Hispania, lakini ukilitamka Meksiko au Argentina watu watainamisha nyuso. Wazazi mko hapa, sitaeleza zaidi.

Na msidhani lugha hiyo haijawahi kufika kwetu. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na Wakuba wenzake walikuwa Fizi, hapa hapa Kivu Kusini. Walijipa majina ya kuhesabu kwa Kiswahili, na yeye akaitwa Tatu. Aliyepewa kazi ya kumfundisha Kiswahili ni kijana wa miaka 16, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alikwenda Kuba na kuwa daktari huko. Huwa namfikiria kijana huyo. Naye alikuwa mdomo mmoja.

Papa Prefe, sikuja na barua, naomba kwa maneno tu: bafle moja ndogo ya betri ya kutolea sauti, maana umeme mnaujua. Rekodi ninazo kwenye simu, sauti za Bogotá, za Malabo, za Sevilla. Watoto wasikie na midomo mingine, hata ikinisahihisha mimi.

Karibuni kwa maswali. Naona tayari kuna mkono kule nyuma.