Thamostati ya Dada Mwanaidi Ndani ya Sufuria

MHINA: Haya jamani karibuni tena, tuko hapahapa Tanga, na leo mkisikia kitu kinachemka msidhani tunapika mihogo. Kuna jiko dogo la gesi mezani, sufuria ya maji, kipimajoto, na kidude cha dada Mwanaidi, thamostati ya gari yake, kinaning'inia kwenye uzi.

MWANAIDI: Kidude nilicholipia hela kitolewe ati! Mwezi wa kwanza, kaskazi lile mnalijua, natoka hapa naenda Lushoto harusini, gari yangu Toyota Passo ina watu wanne na masufuria nyuma, mpaka Mombo tunaimba tu hakuna shida, ile kuanza kupanda kuelekea Soni tukakwama nyuma ya lori la saruji, kona zenyewe hakuna pa kupita, mara taa nyekundu hiyo.

MHINA: Mshale ulikuwa unapanda hujaangalia?

MWANAIDI: Mshale upi kaka, yangu ina taa mbili tu, bluu injini ikiwa baridi na nyekundu mambo yakishaharibika, hapo katikati haikuambii kitu.

MHINA: Hata wenye mshale wasijisifu, gari nyingi za siku hizi mshale umepangiwa ukae katikati, joto lipande lishuke digrii kumi na kitu wenyewe umetulia tu dereva asipate presha, ukiuona umejinyanyua basi ujue umeshachelewa. Hukufungua rejeta lakini, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini?

MWANAIDI: Kijana mmoja alikuwa ameshajifunga tisheti mkononi afungue, nikamfokea.

MHINA: Umemwokoa huyo. Kile kifuniko kina springi inabana presha, maji yanaweza kupita digrii 100 yasichemke, sasa ukifungua presha inatoka na yale maji yanageuka mvuke papohapo, yanamrukia usoni. Subiri nusu saa, zaidi ikibidi, mpira wa maji wa juu ya rejeta ukiubonyeza uwe laini. Na kama umekwama mlimani huwezi kusimama, zima AC, washa hita yote, ile hita ni rejeta ndogo, nayo inatoa joto la injini.

MWANAIDI: Hita kwenye kaskazi, na bibi harusi mtarajiwa yuko nyuma kapambwa hina. Haya. Niliporudi fundi akaniambia hizi thamostati zimetengenezewa nchi za baridi, Tanga na joto hili ya nini, akaing'oa.

MHINA: Hapo ndipo mafundi wetu wananiudhi, na mimi nilikuwa mmoja wao, nimeng'oa sijui ngapi. Injini haijui kama iko Tanga au Japani, yenyewe inataka joto lake la digrii 90 hivi. Ndani ya hiki kidude kuna nta, ikiwa baridi imeganda na mlango umefungwa, maji yanazunguka injini peke yake ipate moto haraka, ikifika 82, si unaiona namba imegongwa hapa pembeni, nta inayeyuka inavimba inasukuma mlango na maji yanakwenda rejeta. Ukiitoa, kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta.

MWANAIDI: Ndio maana! Zamani taa ya bluu inazima sijatoka hata Chumbageni, sasa hivi naikuta Pongwe bado inaniangalia, na wese linaisha kama nina tundu.

MHINA: Na bado. Toyota nyingi thamostati ina sahani ya pili kwa chini, mlango mkubwa ukifunguka ile sahani inaziba njia ya mkato. Ukiing'oa njia ya mkato iko wazi siku zote, kwa hiyo maji mengine ya moto yanarudi injini bila kupita rejeta kabisa, siku ya mlima umetoa thamostati na gari inachemsha vilevile. Hedi ya alumini, ile sehemu ya juu ya injini, ikishapinda hapo ndio utajua hela ina miguu.

MWANAIDI: Sasa nani alichemsha gari yangu?

MHINA: Ngoja nikuulize. Barabara kuu unakimbia 80, inachemsha?

MWANAIDI: Hapana.

MHINA: AC je, ukisimama?

MWANAIDI: Ukisimama inapuliza joto, nikianza kutembea inarudi baridi. Nilidhani gesi imepungua.

MHINA: Dada, hiyo ni feni! Ukikimbia upepo wa barabarani unatosha, feni haina kazi, lakini nyuma ya lori la saruji gia ya kwanza injini inavuta kwa nguvu zote na upepo hakuna, hapo feni ndio kila kitu. Gari yako feni ni ya umeme, sensa inaambia kompyuta maji yamefika mia kasoro, kompyuta inawasha feni, na ukiwasha AC inazunguka pia. Nenda nje washa AC usikilize kule mbele.

MWANAIDI: Nilishasikiliza asubuhi, kimya kama msiba.

MHINA: Basi ni mota ya feni, au relei, ile swichi yake ya umeme, au fyuzi tu. Gari nyingine zimezidi hapo, Toyota Prius ya toleo la tatu iliyotoka 2009 hata pampu ya maji inaendeshwa na umeme, haina mkanda. Halafu na wewe uache kujaza maji ya kisima yale ya chumvi, tia kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, rejeta inaziba kutu.

MWANAIDI: Sawa mwalimu. Maji yamefika 79 hapa.

MHINA: Angalieni uzi, nimeubana kwenye mlango wa thamostati, ukiwa umefungwa ndio unaushikilia, ukifunguka kidude kinaanguka. Kama imekufa itaning'inia mpaka maji yachemke.

MWANAIDI: 81. 82... bado. 83...

[Kitu kinagonga chini ya sufuria.]

MWANAIDI: Imeanguka! Nzima hii!

MHINA: Nzima kabisa.

MWANAIDI: Na hela ya kuing'olea nimelipa na soda nikamnunulia. Zima jiko kaka, nipe kijiko niitoe.