Resini ya kulainisha maji: imejaa au imekufa?

Ndugu mtazamaji, kama mtambo wako umeanza kukupa maji magumu, usikimbilie kununua resini mpya. Resini iliyojaa siyo resini iliyokufa. Iliyojaa inarudi kazini kwa saa moja na nusu ya kuoshwa kwa maji ya chumvi. Iliyokufa, hata uimalizie gunia zima la chumvi ya Uvinza, haiamki.

Tazama kiganjani. Punje hizi za rangi ya asali, zenye upana wa milimita 0.3 hadi 1.2, ndizo resini. Ni plastiki yenye chaji hasi isiyobanduka, na juu ya chaji hizo amekaa sodiamu. Chukulia siti za daladala: sodiamu anakaa siti moja, kalsiamu au magnesiamu anachukua mbili. Maji magumu yakipita, hawa wawili wanang'ang'ania siti kuliko sodiamu, naye anateremka na kuondoka na maji. Siti zikiisha, ugumu unapita kama ulivyoingia. Ukileta maji ya chumvi ya asilimia 10 hivi, sodiamu anakuja kwa wingi mno hadi kalsiamu na magnesiamu wanasukumwa nje. Chumvi haifanyi kazi nyingine, na yenyewe hailainishi maji.

Sasa tupige hesabu ya hapa Kigoma. Maji ya Ziwa Tanganyika yana ugumu wa karibu miligramu 200 kwa lita, ukihesabu kwa kalsiamu kaboneti, na sehemu kubwa ni magnesiamu. Mtungi wenye lita 25 za resini, ukioshwa kwa kilo 4 za chumvi, unashika takriban gramu 1,250 za ugumu. Gawanya kwa gramu 0.2 za kila lita: lita 6,250. Weka mita ya mtambo, ile inayoamua lini resini ioshwe, kwenye lita 5,500 ili usiishiwe katikati ya kufua. Kama unatumia kisima, pima maji yako kwanza, usichukue namba yangu.

Hatua ya kwanza ni kupima maji yanayoingia na yanayotoka. Tumia matone ya kupimia ugumu, na uhesabu matone hadi rangi igeuke kutoka nyekundu ya zambarau kuwa bluu. Huna matone? Kwangua sabuni ya mche kwenye chupa ya maji, utikise. Maji laini yanatoa povu zito, maji magumu yanaganda utando kama maziwa yaliyokatika. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu hiyo inatoa povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya.

Hatua ya pili ndiyo inayookoa pesa: kagua kila kitu kabla ya resini. Je, vali ya pembeni, ile inayopitisha maji bila kuingia mtungini, imefungwa kabisa? Umeme ulipokatika, saa ya mtambo ilipotea? Chomeka mpini wa ufagio kwenye tangi la chumvi. Mara nyingi chumvi hushikana ikawa kuba, juu unaona imejaa kumbe chini ni pango, na maji hayaigusi. Livunje taratibu. Kumbuka pia kwamba kilo 4 za chumvi zinahitaji lita 11 hivi za maji ili ziyeyuke zote. Kisha fungua injekta, kile kitundu kidogo kinachonyonya maji ya chumvi. Punje moja ya mchanga inatosha kukiziba. Mwisho kagua oringi, yaani pete ya mpira, ya bomba la katikati ya mtungi: ikikatika, maji magumu yanachepuka moja kwa moja kwenda bombani.

Yote yakiwa sawa, osha kwa mkono: dakika 10 za kusukuma maji kutoka chini kwenda juu, dakika 60 za maji ya chumvi na suuza ya polepole, dakika 10 za suuza ya kasi. Usiharakishe hizo 60, ubadilishanaji ndani ya punje unahitaji muda. Maji yanayotoka yaende kwenye shimo la majitaka, siyo kwenye migomba. Pima tena. Yakiwa laini, resini ilikuwa imejaa tu.

Yakiwa bado magumu, funga maji, ondoa presha, fungua kichwa cha mtambo, vuta punje kwa mpira mwembamba. Punje nzima ni mviringo, inang'aa, inakataa kuminywa. Ikisagika kama ugali uliolowa, ni klorini: inakata viungo vya plastiki, punje inavimba na kulegea. Hiyo haina dawa. Ikiwa na rangi ya kutu, ni madini ya chuma, tatizo la visima vingi, na mara nyingi inasafishika kwa asidi ya sitriki. Usichanganye asidi hiyo na dawa ya klorini hata kidogo, gesi yake inaua. Punje ziking'aa lakini zikipasuka, huwa ziliwahi kukauka kisha zikalowanishwa ghafla. Na punje zikitokea bombani, chujio la chini ya mtungi limevunjika. Badilisha hilo kwanza.

Ukilazimika kuweka mpya, ziba mdomo wa bomba la katikati kwa tepu, mimina resini kwa faneli, na acha theluthi moja ya mtungi wazi, kwa sababu inapoinuliwa na maji inatanuka karibu nusu ya kimo chake. Ondoa tepu, rudisha kichwa, jaza maji polepole, acha ilowe saa chache. Resini iliyokauka kwenye mfuko ilowe kwanza kwenye maji ya chumvi.

Kama maji yako yana klorini nyingi, weka chujio la mkaa maalumu kabla ya mtambo. Lakini baada ya mkaa hakuna klorini ya kulinda maji, hivyo usiyalaze tangini siku nyingi. Na acha bomba moja la kunywa lisilopitia mtambo: ugumu wa 200 ukibadilishwa wote, kila lita inaongezewa miligramu 92 hivi za sodiamu, jambo la kuzingatia kwa mwenye shinikizo la damu.