Tuandike Barua ya Kuomba Kazi ya Utawala

Habari, karibu. Leo nafungua ukurasa mtupu, tuandike barua ya kuomba kazi ya utawala kuanzia anwani hadi sahihi.

Kabla hujagusa kibodi, weka tangazo la kazi pembeni, upigie mstari vitenzi tu. Kwenye hili langu naona kupanga vikao, kutunza majalada, kupokea wageni. Chagua viwili ulivyowahi kuvifanya mwenyewe. Mengine yamo kwenye wasifu.

Anwani yako juu kulia, tarehe chini yake, ya mwajiri kushoto. Kisha: "YAH: MAOMBI YA KAZI YA OFISA UTAWALA". Tangazo likiwa na kumbukumbu namba, iingize hapo hapo.

Aya ya kwanza. Najua vidole vinakimbilia "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Futa, kichwa kimeshasema. Taja nafasi unayoomba na kazi unayofanya sasa, basi.

Aya ya pili ndiyo yenye uzito, tukae hapa. Tazama ninachoandika: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mpangaji mzuri." Nani hajaandika hivyo? Nafuta. Sasa hii: "Nilikuta majalada 600 yamerundikwa bila orodha. Niliyapa namba, nikafungua rejesta ya kuazima, na jalada lililotafutwa nusu siku likawa linapatikana kwa dakika 5." Uchapakazi na mpangilio vimeonekana bila kutajwa. Weka namba zako, siyo hizi zangu, maana kwenye usaili utaulizwa ulihesabuje.

Hujawahi kuajiriwa? Kama ulikuwa katibu wa kikundi, ukaandika mihutasari na kutunza daftari la mahudhurio, hiyo ni kazi ya utawala kabisa. Ieleze vivyo hivyo.

Aya ya mwisho ni mistari miwili: unaweza kuanza lini, na unapatikana kwa namba gani. "Wako mtiifu", jina, sahihi. Yote yasizidi ukurasa mmoja.

Sasa isome kwa sauti, polepole. Anayeomba kazi ya kuandika barua za ofisi ameshaanza kupimwa kwa barua hii: ukikosea jina la taasisi, hata majalada 600 hayakuokoi. Mimi hulinganisha jina hilo na tangazo herufi kwa herufi.

Hifadhi kama PDF. Na faili ulipe jina lako pamoja na cheo unachoomba, tafadhali, siyo "barua mpya ya mwisho 2".